Anti, tumeachana lakini benki bado inatuhesabu mume na mke

Shikamoo Anti,

Nina miaka 36, mtoto mmoja wa miaka sita, naishi Ilazo hapa Dodoma na kazi yangu ni serikalini, kule Mtumba. Jina langu naomba usilitoe kwa sababu ofisini kwetu safu yako inasomwa na kila mtu, pamoja na bosi.

Nimeishi na baba wa mtoto wangu miaka minane. Ndoa ya kanisani hatukufunga, wala ya bomani. Alikuja kwetu Mpwapwa na washenga, akatoa mahari nusu, ng'ombe wanne na fedha kidogo, iliyobaki ikawa ya "mwakani" mpaka leo. Lakini mtaani tunajulikana kama mtu na mkewe, na hata kwenye misiba ya kwao nilikuwa nakaa jikoni na mawifi.

Mwaka 2020 tulinunua nyumba kwa milioni 80. Milioni 15 alizitoa yeye kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, milioni 65 tukakopa benki kwa miaka 15, riba asilimia 17. Rejesho ni kama milioni moja kwa mwezi. Laki tano inakatwa kwangu, laki tano inatoka kwake. Hati ina majina yetu wote wawili na ipo benki. Walipotuomba cheti cha ndoa hatukuwa nacho, tukaenda kwa wakili tukaapa kiapo kwamba sisi ni mume na mke.

Mwaka jana akahamia Singida, akaanza maisha na mtu mwingine. Sasa ni mwezi wa saba hajatoa laki tano yake. Mshahara wangu wa msingi ni 1,600,000 kabla ya makato, kwa hiyo pengo lake naliziba kwa mchele ninaouza jioni na fedha ya kikoba. Usingizi sina.

Wiki iliyopita akaja, mpole kweli. Anasema anataka kukopa ajenge Singida, ila kila benki anayokwenda wanamwambia tayari ana mkopo wa nyumba. Nimpe milioni 30 aondoe jina lake, nyumba ibaki yangu. Nianze na milioni 10, zilizobaki nimalizie taratibu, na tuandikishane ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti. Kaka yangu yuko tayari kunipa hizo 10. Dalali anasema nyumba kwa sasa inafika milioni 110.

Nilipomwambia nitafikiria, upole ukaisha. Akasema hakunioa, nikienda mahakamani sipati hata tofali, nyumba ameianzisha yeye. Benki nako dada wa mikopo ameniambia kwa kifupi, "Jina haliondoki mpaka mkopo uishe."

Anti, jina linaondoka au haliondoki? Nimpe hiyo 10? Ni kweli sina haki kwa kuwa hatukufunga ndoa? Na kitasa, nibadilishe?

Mama wa Ilazo

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa miezi hiyo saba.

Milioni 10 za kaka yako zisitoke. Hata shilingi moja isitoke kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti namheshimu, anajua nani anaishi wapi na nani kagombana na nani, lakini hana uwezo wa kuhamisha umiliki wa nyumba yenye hati, na benki haiwajibiki kwa chochote mtakachoandikishana pale. Karatasi hiyo itathibitisha jambo moja tu, kwamba ulimpa fedha. Jina lake litabaki kwenye hati, na wewe utabaki kwenye deni, sasa na deni la kaka juu yake.

Nyie mna vitu viwili ambavyo mnavizungumza kana kwamba ni kimoja. Kuna hati, na kuna mkopo. Kwenye hati mtu anatoka kwa waraka wa uhamisho uliosainiwa na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kwa sababu nyumba iko rehani, hakuna uhamisho bila kibali cha benki. Kwenye mkopo mtu anatoka benki ikikubali, basi. Hata hakimu akiamua kesho kwamba nyumba ni yako peke yako, hukumu hiyo itawabana nyie wawili. Mkataba wa mkopo utaendelea kuwa na saini mbili. Na katika mikopo ya namna hii kila mmoja anadaiwa deni lote, hakuna nusu yako na nusu yake. Zile laki tano ni mapatano yenu ya chumbani, benki haiyajui.

Dada wa mikopo hakukudanganya, ila alikujibu jibu la mtu mwenye foleni. Ni kweli jina haliondoki mpaka mkopo uishe. Lakini mkopo unaweza kuisha leo kwa kufungwa na mkopo mwingine ulio kwa jina lako pekee, benki hiyo hiyo au benki nyingine inayokubali kununua deni. Ndiyo njia inayotumika. Kwa hiyo swali la kumtoa yeye liweke pembeni kidogo, uliza kwanza kama wewe peke yako unatosha.

Tupige hesabu, maana naona kila mtu kwenye barua yako anataja bei ya nyumba na hakuna anayetaja salio la mkopo. Milioni 65 kwa asilimia 17, miaka 15, rejesho milioni moja. Mwezi wa kwanza kabisa, katika ile milioni, kama laki tisa na elfu ishirini ilikuwa riba. Deni lilipungua kwa elfu themanini hivi. Mmelipa miaka mitano, karibu milioni 60 zimetoka mifukoni mwenu, na kama riba haikubadilika, mnadaiwa bado kama milioni 57 na nusu. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nyumba ikiwa kweli ni ya milioni 110, ukitoa deni inabaki 52 na nusu. Nusu yake ni milioni 26 na robo. Kutoka hapo utoe laki tano zake za miezi saba ulizomlipia, milioni 3 na nusu, anabaki na chini ya milioni 23. Hiyo 30 ameitoa wapi? Nafikiri aliitoa kwenye bei ya dalali, na bei ya dalali ni bei ya matumaini. Ikiuzwa 95, nusu inashuka chini ya milioni 19 kabla hujagusa zile laki tano. Tafuta mthamini aliyesajiliwa akupe ripoti. Benki itaihitaji, mahakama itaihitaji, na yeye itamtuliza.

Sasa mshahara wako. Kwa mtumishi wa umma, makato yote yakishapita lazima ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwako ni kama 533,000. Ukitoa kodi, mfuko wa pensheni na bima ya afya, mkononi inabaki kama milioni moja na laki moja na tisini kabla ya mkopo wowote. Ondoa ile theluthi, nafasi ya rejesho inabaki laki sita na nusu hivi. Mkopo wa milioni 57 na nusu, hata ukivutwa hadi miaka 20 kwa riba ile ile, unadai karibu laki nane na elfu arobaini kila mwezi. Haiingii. Laki sita na nusu kwa miaka 20 inabeba kama milioni 44. Miaka 20 ukiwa na 36 inakufikisha 56, kwa hiyo upande wa umri hauna shida, kustaafu kwa lazima ni 60. Shida ni milioni 13 za pengo, na bado hujampa yeye chake.

Sikuandikii haya kukuvunja moyo. Ndivyo afisa wa mikopo atakavyokuona atakapofungua faili lako, na ni heri uyajue kabla hujakaa mbele yake.

Pengo hilo lina njia za kuzibwa. Mchele wako ni kipato, lakini kwa benki kipato ni kile kinachoonekana kwenye akaunti. Kama wateja wanakulipa mkononi au kwenye simu na fedha inaishia kwenye pochi, kwao huna biashara. Anza wiki hii kupitisha mauzo benki, na uwe na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na kitu cha kuonyesha. Ile milioni 10 ya kaka, kama bado ana moyo nayo, kazi yake ni kupunguza deni siku mkopo mpya unapofunguliwa. Wengine humwingiza ndugu awe mkopaji mwenza. Mimi hilo silipendi sana. Kaka yako ana mke na watoto, na siku atakapotaka kujenga kwake ataambiwa maneno yale yale anayoambiwa baba wa mtoto wako sasa. Mkiamua hivyo, shemeji awepo kwenye mazungumzo tangu siku ya kwanza.

Njia nyingine ni kuuza. Najua hukuniuliza. Lakini kuuza kwa hiari, benki ikijua, mnunuzi akilipa deni kwanza na hati ikafunguliwa kwenye rehani, kunaweza kukuacha na milioni 26 zako na zile tatu na nusu zake, ukitoa gharama, bila deni na bila yeye. Kwa fedha hiyo mtu anaanza upya hapa hapa Dodoma, Nzuguni au Mkonze, kwenye kiwanja chenye jina moja. Nyumba inayonyweshwa fedha ya kikoba kila mwezi itakumaliza. Kama ningekuwa mimi, ningejipa miezi sita ya kujaribu kubeba mkopo peke yangu, na isipowezekana ningeuza kabla benki haijanichagulia mnunuzi. Rejesho likikwama, Sheria ya Ardhi inaitaka benki itoe notisi ya siku 60 kabla haijachukua hatua za kuuza, na nyumba ya mnada haijawahi kuwa na bei nzuri.

Kwa hiyo endelea kulipa, hata kama inauma. Jina lako nalo liko kwenye kumbukumbu za wakopaji, na ukichelewa wewe au akichelewa yeye, mnachafuka wote. Ila lipa kwa kupitia benki, risiti zote zihifadhi, na kila mwezi mtumie ujumbe wa maandishi: "Leo nimelipa na sehemu yako ya laki tano." Usigombane naye kwenye ujumbe huo. Ni ushahidi, na ushahidi wenye matusi huwa unapoteza ladha mbele ya hakimu.

Tuje kwenye "sikukuoa". Wanaume wengi wanalisema hili, na wanawake wengi wanaliamini, ndiyo maana nataka nikae hapa kidogo.

Kwanza, jina lako liko kwenye hati. Hata mngekuwa marafiki tu mlionunua pamoja, wewe ni mmiliki mwenza chini ya Sheria ya Ardhi, na hawezi kuuza bila saini yako. Hilo halihitaji harusi.

Pili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakawatambua kama mume na mke, sheria itachukulia kwamba wameoana. Ni dhana, na dhana inaweza kupingwa. Angekuwa na ndoa ya mke mmoja mahali pengine, kwa mfano, mambo yangebadilika. Lakini wewe una miaka minane, washenga waliofika Mpwapwa, majirani, na mawifi uliopika nao msibani. Na una kitu ambacho naona amekisahau, kile kiapo. Mwaka 2020, akitaka fedha ya benki, aliapa mbele ya wakili kwamba wewe ni mke wake. Leo akisimama aseme hakuwa na mke, atalazimika kueleza ni lini aliapa uongo, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Nakala ya kiapo iko kwenye faili lenu la mkopo. Iombe kwa maandishi, ukiwa mkopaji una haki ya kuuliza karatasi zako.

Zile milioni 15 alizoanzia hazimfanyi mwenye nyumba peke yake. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Na wewe hukupika tu, umelipa laki tano kila mwezi tangu mwanzo. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja, kwa hiyo mgawo unaweza usiwe nusu kwa nusu kamili, wake wa mwanzo utahesabiwa na wako wa miezi hii utahesabiwa. Kuhusu njia, mashauri ya kuvunja ndoa huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata yenu kwa mfano, na likishindwa linatoa cheti cha kwenda mahakamani. Dodoma tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichofunguliwa mwaka 2021. Kama wakili ni gharama, watoa msaada wa kisheria wapo, wanafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza walipo.

Lakini mimi nadhani hamtafika mbali huko, kwa sababu moja: yeye ana haraka kuliko wewe. Wewe una paa, una mtoto shuleni, una kazi. Yeye ana kiwanja Singida na benki zinazomfungia mlango. Amekuja mpole kwa sababu hiyo. Kaa naye, na mtu mzima mmoja kutoka kila upande, umwekee mezani ripoti ya mthamini na barua ya salio kutoka benki. Mwambie, "Mimi pia nataka utoke. Tutoke kwa hesabu hii." Mkikubaliana, wakili aandike mkataba wa makubaliano ya kutengana na mgawo wa mali, na fedha yake akabidhiwe siku anaposaini waraka wa uhamisho, benki ikiwa imeshatoa kibali cha maandishi. Hakuna kutanguliza. Kama lazima fedha ikae mahali kusubiri, ikae kwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa.

Mambo madogo ya njiani, niyapitie haraka. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa yote, uhamisho hukwama hapo. Kuna ushuru wa stempu, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Hapa wengi huumia bure. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mtu anayemhamishia mali mwenza au mwenza wa zamani, kama sehemu ya talaka au makubaliano halali ya kutengana, aombe kwa maandishi mali ihesabiwe imetoka bila faida. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na mkataba wa wakili badala ya karatasi ya mtaa. Angalia pia hati imeandikwaje, kama mnamiliki kwa pamoja au kila mmoja ana hisa zake. Kwa pamoja, mmoja akifa nyumba inabaki kwa aliye hai. Kwa hisa, sehemu yake inakwenda kwa warithi wake, na warithi wa Singida utakutana nao msibani. Uliza pia benki kama bima ya mkopo inawahusu nyote wawili au mmoja.

Matunzo ya mtoto usiyachanganye na nyumba. Akikwambia "nimekuachia nyumba kwa hiyo ada ya mtoto nimemaliza", kataa. Matunzo ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ofisi ya ustawi wa jamii inayashughulikia kando na mambo ya nyumba.

Na kitasa. Kama ufunguo anao na anaingia akitaka, unachoogopa ni kipi? Kama ni kero tu, usibadilishe bado. Yeye ni mmiliki mwenza, na kumfungia nje kutampa hadithi ya kupeleka barazani kwamba umemnyang'anya nyumba. Mwambie kwa ujumbe kwamba akitaka kuja kuchukua vitu vyake akuarifu siku mbili kabla, na siku hiyo kaka yako awepo. Lakini kama amewahi kukunyanyulia mkono, au anakuja usiku amelewa, badilisha leo hii, kisha uende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi ukaeleze kwa nini umebadilisha, wakuandikie. Hukuniambia ni lipi kati ya haya mawili. Niandikie tena kama ni la pili.